Sahani ya Sombe na Vali Mpya

Mwaka 2008 wapasuaji wa Team Heart kutoka Boston walianza kuja Hospitali ya King Faisal, Kigali, kubadilisha vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Mgonjwa wa Rusizi, kabla ya kuvuka Nyungwe, na atibiwe meno: viini vya jino bovu huweza kuishambulia vali mpya. Arudipo Kamembe, asiinue ndoo mpaka mfupa wa kifua uunge.

Aliyewekewa vali ya kimitambo humeza warfarini maisha yake yote, na hapo mpishi naye ni mganga. Sombe hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Akiizidisha ghafla, damu huweza kuganda penye vali. Akiiacha ghafla, huweza kuvuja. Kumnyima si huruma: apakuliwe kiasi kile kile kila juma, na damu yake ipimwe.