Majitaka Mbeya na Iringa: Anayeulizwa kama ameridhika ni nani?

Je, wananchi wameridhika na huduma ya majitaka? Kwa Mbeya na Iringa, jibu linategemea sana nani kaulizwa.

Miji yote miwili ina mabomba ya majitaka na mabwawa ya kuyasafisha, chini ya mamlaka zao za maji. Lakini mabomba hayo yanawafikia wakazi wachache tu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 Jiji la Mbeya na zaidi ya 200,000 Manispaa ya Iringa. Wengi wanategemea vyoo vya shimo na makaro. Yakijaa, wanaita gari la kunyonya.

Orodha inaacha wengi nje

Utafiti ukianzia kwenye orodha ya wateja, unampata aliyeungwa kwenye bomba. Mara nyingi jina kwenye akaunti ni la mwenye nyumba, ambaye huenda anaishi kwingine. Mpangaji anayeruka maji ya chemba iliyofurika kila asubuhi haulizwi.

Tena yupo wa mlimani, ambako gari la kunyonya halipandi. Huyo mvua ikinyesha, jirani yake wa juu anatapisha choo na uchafu unashuka mlangoni kwake. Kwenye takwimu za mteja hayupo kabisa.

Kuridhika siyo usalama

Kuna mtego mwingine. Mtu ambaye karo lake halijajaa miaka kumi atasema ameridhika. Kumbe pengine halijai kwa sababu linavuja ardhini, na kisima cha jirani kiko hatua chache tu. Tanzania inakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015: uchafu wa nyumba moja unaumiza mtaa mzima.

Hata malalamiko machache siyo ushahidi kwamba mambo ni shwari. Utaratibu upo: unaanza kwa mamlaka ya maji, usiporidhika unakwenda EWURA. Ila asiye na bili hajioni kama mteja, hivyo hapigi simu.

Maswali yenye maana

Badala ya kuuliza tu "umeridhika?", waulize mambo yanayohesabika. Chemba ikifurika, mafundi wanafika baada ya saa ngapi? Gari la kunyonya linatoza kiasi gani kwa safari, na linafika mtaani kwenu? Uchafu unamwagwa kwenye mabwawa au mtoni?

Na waulizwe nyumba kwa nyumba, wapangaji wakiwemo, tena masika, siyo kiangazi tu. Kiangazi kila chemba inaonekana nzima.

Hoja hii inagusa mfuko. Matokeo yakionyesha wateja wana furaha, ni rahisi fedha kuendelea kwenda kwenye mabomba ya katikati ya mji. Wakihesabiwa na wa mashimo, hitaji la magari madogo na vituo vya kumwaga uchafu karibu na mitaa litaonekana lenyewe.