Kinu Kimoja Hakitoshi

Mei 2008 umeme unaovuka bahari kwa waya kutoka bara hadi Unguja ulikatika, na kisiwa kikakaa kizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu. Pampu za maji zikasimama, hoteli zikanguruma kwa jenereta, na mwenye friji ya samaki akawa sawa na asiye nayo. Bara umeme ulikuwepo. Njia ya kuufikisha ndiyo ilikuwa moja. Waya mwingine, wa megawati 100, ulikuja kuanza kazi 2013.

Naanza na kiza kile kwa sababu toleo hili linazungumzia jambo linaloonekana la mbali: kuoanisha vinu vidogo vya nyuklia na jua na upepo ili visiwa viachane na dizeli. Hoja ya watetezi wake si nyepesi. El Hierro, kisiwa cha Uhispania, tangu 2014 hutumia upepo kupandisha maji mlimani, kisha maji hayo hushuka na kuzalisha umeme upepo unapotulia. Mwaka 2019 kiliishi siku 24 mfululizo bila dizeli. Ni sifa kubwa, lakini siku ya 25 jenereta zilikuwa bado zinahitajika. Kinu kisichojali usiku wala mawingu kinavutia.

Kipo kisiwa kilichokwisha kujaribu. Mwaka 1962 Wamarekani waliwasha kinu cha chini ya megawati 2 kwenye kituo chao cha McMurdo, kisiwa cha Ross, Antaktika. Kiliwasumbua kwa hitilafu hadi wakakizima 1972, kisha ikabidi wachimbe maelfu ya tani za udongo na mawe yaliyochafuliwa na mionzi na kuyarudisha kwao kwa meli. Mwaka 2010 kisiwa hichohicho kikafungiwa mitambo mitatu ya upepo. Dizeli, hata hivyo, haikuondoka.

Vinu vya leo si vile, nakubali. Huko Pevek, kaskazini mwa Urusi, kituo kinachoelea cha Akademik Lomonosov kinatoa umeme tangu mwisho wa 2019, na joto lake linapasha nyumba. Wengi hutaja ukubwa wake, megawati 70, wakasahau kwamba ndani yake mna vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja. Hapo ndipo penye siri. Fundi wa gridi huuliza kwanza: mtambo mkubwa kuliko yote ukizimika ghafla, nani atabeba mzigo wake? Waya wa zamani wa Unguja ulibeba megawati 45. Kinu kimoja cha 35 kwenye kisiwa cha namna ile kingekuwa waya uleule kwa jina jingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jua na betri vitangulie, kwa kuwa vinajengwa kidogo kidogo na kikiharibika kimoja vingine vinaendelea. Kinu kije baadaye, kwa jozi, na umeme wake wa ziada wa mchana ukageuze maji ya bahari kuwa ya kunywa. Na kabla ya saini yoyote, iandikwe ni nani atakayeyachukua mabaki yake na kwa fedha za nani.

Msomaji uliye kisiwani, tuandikie: mtambo mkubwa kuliko yote kwenu ukizimika usiku wa leo, nini kitabaki kikiwaka?