Mgeni wa Siasa na Kiti cha Urais

Tangu kumalizika uchaguzi wa Oktoba 2025 hapana baraza tunayoipita, iwe ya kahawa au ya mlango wa msikiti baada ya Isha, ila tunalisikia neno moja linarudiwa. Husemwa kwamba nyuso zile zile zimeshawachosha watu. Kwamba chama kimtafute mtu wa nje, mtu asiyepata kuingia katika siasa hata siku moja, awe daktari au jaji au tajiri au mwalimu wa chuo kikuu, kimpe kadi na kimsimamishe agombee urais. Na baadhi ya wazee wetu, wenye ulimi wa mithali, huongeza: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Neno hili tusilidharau, kwani wanaolisema si maadui wa chama. Ni wanachama waliotembea kwa miguu nyumba hata nyumba, na ambao wameona uchaguzi baada ya uchaguzi unapita na Ikulu iko pale pale. Aliyechoka ana haki ya kuuliza. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kumkabidhi mtu amana ya watu wote ni jambo jingine. Nasi tunaona ni wajibu wetu kuwaeleza wenzetu yale tunayoyajua juu ya wageni wa namna hii, hapa kwetu na kwengineko.

Kwanza tupambanue. Wageni hawa wako wa namna mbili, na barazani aghlabu huchanganywa. Yuko mgeni wa siasa, ambaye kazi yake ilikuwa nyengine kabisa hata siku aliyoombwa kura. Na yuko mgeni wa chama, ambaye siasa amezeekea ndani yake, ila aliifanya katika nyumba ya watu wengine, na leo anabisha hodi kwetu kwa kuwa kule ametolewa nje au amenyimwa alichokitaka. Tutaanza na huyu wa pili, kwa sababu ndiye tuliyemwonja.

Mwezi wa Julai 2015 jina la Bwana Edward Lowassa lilikatwa na CCM kule Dodoma. Alikuwa Waziri Mkuu tangu 2005 hata alipojiuzulu Februari 2008 kwa kadhia ya mkataba wa umeme wa Richmond. Haukutimia mwezi baada ya kukatwa kwake, akawa mwanachama wa CHADEMA, kisha akawa mgombea wa vyama vinne vya UKAWA, na CUF ni kimoja katika vinne hivyo. Tuseme haki: alipewa kura 6,072,848, karibu asilimia 40, hesabu ambayo hakuna mgombea wa upinzani wa Muungano aliyepata kuifikia kabla yake. Wabunge wa upinzani nao waliongezeka. Mwenye kusema kwamba mgeni haleti kura, basi hesabu hii inamkadhibisha.

Lakini kila mali ina bei yake, na bei ya mali hii hatukuilipa siku ile ile. Dokta Slaa, Katibu Mkuu wa CHADEMA, alijitoa katika siasa. Profesa Lipumba, Mwenyekiti wa CUF, alijiuzulu. Iliwawia vigumu watu waliozunguka nchi nzima miaka mingi wakimtaja mtu kwa ufisadi kusimama jukwaani wakamwita mkombozi, na wapiga kura nao si vipofu. Kisha mwaka 2016 Profesa Lipumba alirudi kudai kiti chake, na CUF ikapasuka vipande viwili. Sisi wa visiwani ndio tuliolipa deni hilo kuliko wote. Mwezi wa Machi 2019 Bwana Lowassa alirejea CCM. Na mwezi huo huo, baada ya hukumu ya Mahakama Kuu, Maalim Seif na wafuasi wake walitoka CUF wakahamia ACT-Wazalendo, wakaliacha jina na bendera waliyoitumikia tangu 1992. Mgeni alikwenda zake kwao, na wenyeji wakabaki hawana nyumba. Bwana Lowassa ameshatangulia mbele ya haki, mwaka 2024, wala hatumsemi kwa ubaya, tunayasema yaliyotokea.

Mwaka 2020 jambo lile lilirudiwa, na mara hii hata faida ya kura haikuonekana. Bwana Bernard Membe, Waziri wa Mambo ya Nje wa zamani, alifukuzwa CCM Februari, akaingia ACT-Wazalendo Julai, akasimamishwa kugombea urais wa Muungano. Kabla ya siku ya kura viongozi wa chama chenyewe walikuwa wakiwataka watu wampigie Bwana Tundu Lissu wa CHADEMA, na huku jina la Bwana Membe limo katika karatasi. Ingawa uchaguzi ule vyama vikuu vya upinzani viliukataa, nasi hatuzichukui hesabu zake kuwa ni aya, yeye hakupewa hata asilimia moja. Mwaka 2021 ulipoingia alikwishatoka chamani.

Na Agosti 2025 Bwana Luhaga Mpina, aliyekuwa Waziri na mbunge wa CCM, aliteuliwa na ACT-Wazalendo kugombea urais wa Muungano papo hapo alipojiunga. Hoja iliyoletwa dhidi yake ilihusu taratibu za uteuzi za chama chenyewe. Ikapelekwa huku na kule, kwa Msajili, Mahakamani na kwa Tume, na mwisho jina lake halikufika katika karatasi ya kura. Sisi tunaona kuwa waliolifuta jina lile walikuwa na hamu ya kulifuta. Lakini anayejua kwamba jirani yake anautafuta mlango ulio wazi, kwa nini aache mlango wazi?

Wako watakaotwambia: hata Maalim Seif Sharif Hamad, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitoka CCM. Ni kweli. Alikuwa Waziri Kiongozi tangu 1984 hata 1988, mwaka aliofukuzwa chamani. Lakini itazameni njia aliyoipita. Mwaka 1989 alitiwa ndani, hakutoka ila 1991. CUF ilipoundwa 1992 alikuwa katika wajenzi wake, na hakugombea urais wa Zanzibar mpaka 1995. Baina ya kufukuzwa kwake na kugombea kwake ilipita miaka saba, na katika miaka hiyo hapana aliyebaki na shaka kwamba mtu huyu amekata kamba ya nyuma. Kisha alishindwa, au tuseme alitangazwa kuwa ameshindwa, akasimama tena, na tena, mara sita kwa jumla, hata mauti yakamkuta Februari 2021. Huyo hakuwa mgeni. Tofauti ya mtu kama yeye na wale tuliowataja kabla yake haipo katika chama walichotoka, maana wote walitoka kimoja. Ipo katika kilichowatoka wao wenyewe walipohama.

Sasa tumgeukie yule mgeni wa siasa khasa, ambaye ndiye anayetamaniwa barazani. Huyu anatamanika kwa sababu hajachafuka. Hajapiga kura bungeni kuunga mkono sharia mbaya, hana jamaa aliowapa vyeo, hana maadui. Yote haya ni sifa njema. Ila mtu ambaye hajajaribiwa, usafi wake ni kama wa kanzu iliyokunjwa sandukuni: hatujui bado ikivaliwa itakuwaje.

Oktoba 2019 watu wa Tunisia walimchagua Kais Saied, mwalimu wa sharia za katiba, mtu asiyekuwa na chama wala fedha nyingi za kampeni. Sisi tuliokulia chuoni tukipigwa kwa sababu ya irabu, tulipomsikia akihutubia kwa Kiarabu fasihi pasipo kutetereka, tulifurahi kama kwamba ni wetu. Alipata zaidi ya asilimia 70 katika duru ya pili, na wengi waliompa ni vijana waliochoshwa na vyama. Basi Julai 2021 alimfukuza Waziri Mkuu na akalisimamisha Bunge. 2022 akalivunja, na akaleta katiba aliyoitaka yeye. Uchaguzi wa Oktoba 2024 alitangazwa kwa asilimia zaidi ya 90, na miongoni mwa waliotaka kushindana naye wako waliozuiliwa na wako waliofungwa. Hatujasikia kwamba mtu huyu ameiba mali. Usafi aliochaguliwa kwao labda anao hata leo. Alichokosa ni wenzake, watu waliokuwa naye kabla ya cheo, wenye haki ya kumwambia: bwana, hapa umepotea.

Kabla yake alikuwako Alberto Fujimori wa Peru, mkuu wa chuo kikuu cha kilimo, ambaye mwanzoni mwa 1990 watu wengi wa nchi yake hawakuwa wakimjua. Alimshinda Mario Vargas Llosa, mwandishi mashuhuri, naye pia mgeni wa siasa, kwa kuahidi kwamba hatawapa wananchi dawa kali ya uchumi aliyoitaka mwenzake. Hakumaliza mwezi mmoja katika kiti akawanywesha dawa hiyo hiyo. Chama chake kilikuwa cha juzi, na katika mabaraza yote mawili ya Bunge hakikufikisha robo ya viti. Kwa hivyo Aprili 1992 alilifunga Bunge kwa msaada wa jeshi. Mwaka 2000 alijiuzulu akiwa Japani, kwa waraka alioupeleka kwa faksi, na 2009 mahakama ya nchi yake ilimhukumu kifungo cha miaka 25.

Tusije tukadhaniwa tunateua mifano mibaya tu. George Weah wa Liberia, mchezaji mpira aliyekuwa bora wa dunia mwaka 1995, alisimama 2005 bila ya elimu kubwa wala kazi yoyote ya serikali, akaongoza duru ya kwanza, akashindwa na Bibi Ellen Johnson Sirleaf katika ya pili. Waliomcheka walikuwa wengi. Yeye alifanya nini? Alikwenda kusoma. Mwaka 2011 alikubali kuwa mgombea wa pili nyuma ya Winston Tubman. Mwaka 2014 aligombea useneta wa Montserrado akaupata. Ndipo 2017 alipochaguliwa Rais, miaka kumi na miwili baada ya jaribio lake la kwanza. Utawala wake ulikuwa na aibu zake, na 2023 watu walimtoa kwa tofauti ndogo mno ya kura. Naye alimpigia simu Joseph Boakai akampa mkono wa kushindwa kabla hesabu haijamalizika. Mgeni aliyeijua njia ya kuingia aliijua na ya kutoka. (Jenerali Eisenhower wa Marekani, ambaye hutajwa sana katika mazungumzo haya, tunamwacha kando. Alipochaguliwa 1952 alikuwa mgeni wa uchaguzi tu. Mtu aliyekwisha kuyaongoza majeshi ya mataifa kadhaa yenye viburu mbali mbali, huwezi kumwita mgeni wa utawala.)

Sisi wenye maduka tuna dasturi inayojulikana. Mteja mgeni hukaribishwa, hupewa kiti na huuziwa kwa uso mkunjufu, lakini kwa fedha taslimu. Kuandikwa katika daftari la mkopo ni jambo jingine. Hapo hutazamwa anakaa mtaa gani, jamaa zake ni nani, na siku alipokosa alikuja akasema au alipita uchochoroni. Hatumchukii mgeni kwa kutomwandika. Na urais, ndugu zetu, hauuzwi taslimu hata kidogo. Kura tunaitoa leo, na malipo yake tunayangoja miaka mitano. Ukishaitoa huna pa kuirudisha. Basi vipi mtu awe na tahadhari juu ya kilo mbili za mchele, kisha asiwe nayo juu ya nchi?

Vijana wetu watasema: mnataka kuwafungia watu milango ili wazee wabaki. La. Chama kisichoingiza damu mpya kinakufa, na tunajua kwamba wako viongozi wetu ambao wangependa kila mgeni aitwe mamluki, wasipate wa kushindana nao. Hilo nalo ni dhulma. Daktari anayependwa na watu, jaji aliyehukumu kwa haki, mfanya biashara aliyelipa watu wake ujira wao, wote hao tunawataka. Tunachokataa ni mtu kuingia kwa mlango wa mbele leo na kesho akakalia kiti cha mwenye nyumba.

Kwa hivyo tunaiomba Kamati Kuu ilete mbele ya mkutano mkuu sharti lililo wazi katika katiba yetu: atakayeomba kugombea urais awe amekwisha kuwa mwanachama kwa muda usiopungua miaka miwili, awe amefanya kazi tawini, na sharti hilo lisivunjwe kwa ajili ya yeyote, hata akija na umati nyuma yake. Tunaomba pia kila mwombaji apelekwe mbele ya matawi ya Unguja na ya Pemba, si kuhutubia, bali kuulizwa. Na miongoni mwa maswali aulizwe kwamba akishindwa atakaa wapi. Jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Uchaguzi ujao ni wa 2030. Anayekitamani kiti, na sasa yuko hospitali au mahakamani au dukani kwake, wakati anao. Matawi yanafunguliwa kila siku baada ya Alasiri, na kadi za chama zipo.