M-Pesa: Bidhaa iliyobadilishwa na wateja kabla ya kuingia sokoni

Kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua huduma ya M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, ujumbe wa matangazo yake ulikuwa mfupi: tuma pesa nyumbani. Wengi waliojiandikisha hawakufahamu kwamba huduma hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani.

Tangu wakati huo serikali, wafadhili na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiitafuta "M-Pesa nyingine". Mashindano ya ubunifu yameandaliwa, vituo vya vijana vimefunguliwa, na miradi mingi imeanza kwa shangwe na kufa kimya kimya. Kinachosahaulika ni kwamba yapo mengi ya kujifunza katika miaka minne kabla ya uzinduzi ule, zaidi ya yanayopatikana katika uzinduzi wenyewe.

Wazo la awali

Wazo lilianza mwaka 2003 katika kampuni ya Vodafone ya Uingereza, ambako ofisa wake Nick Hughes alitafuta namna simu ya mkononi ingeweza kuwafikishia mikopo midogo watu wasio na akaunti za benki. Ndani ya kampuni kubwa, wazo la aina hiyo hushindana na miradi yenye faida ya haraka, na mara nyingi hushindwa. Lililoliokoa ni fungu la takriban pauni milioni moja kutoka mfuko wa changamoto wa Wizara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza, kwa sharti kwamba Vodafone nayo itoe mchango wake.

Susie Lonie, mtaalamu wa Vodafone, alitumwa Nairobi mwaka 2005 kusimamia kazi hiyo kwa ushirikiano na Safaricom, taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya na Benki ya Biashara ya Afrika. Lengo lilikuwa moja: mteja wa Faulu apokee mkopo wake na kuulipa kwa simu.

Jaribio lilivyogeuka

Majaribio yalianza Oktoba 2005 katika maeneo ya Nairobi na Thika, yakiwa na wateja wapatao 500 na mawakala wanane tu. Udogo huo ulikuwa na manufaa yake: wasimamizi waliweza kumfuatilia mteja mmoja mmoja na kuona anachofanya na simu yake.

Waliyoyaona hayakuwamo katika mpango. Wapo walioweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasiporwe njiani. Wapo waliolipana kwa bidhaa, na waliowanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Wengine waliifanya simu kuwa kasha la kuhifadhia fedha usiku.

Kwa upande wa mikopo, mambo yalikwenda kinyume. Hesabu za Faulu ziliendeshwa kwa namna isiyooana na mfumo mpya, na kuzilinganisha kulikuwa kazi ya kuchosha. Aidha, mkopo wa kikundi hutegemea wanachama kukutana na kudhaminiana ana kwa ana. Mtu anapolipa kwa simu akiwa mbali, sababu ya kuhudhuria mkutano hupungua.

Hapo ndipo uamuzi mgumu ulipofanywa. Fedha zilikuwa zimetumika, washirika walikuwa wameahidiwa na mfadhili alikuwa amelipia mradi wa mikopo. Hata hivyo, wasimamizi waliuweka mkopo kando na kubakisha yale ambayo wateja wenyewe waliyachagua: kuweka fedha, kuzitoa, kuzituma na kununua muda wa maongezi. Walihakikisha pia kwamba huduma inafanya kazi hata katika simu ya bei ya chini kabisa.

Ruhusa ya serikali

Bidhaa inayogusa fedha za umma haifiki sokoni kwa uhodari wa mafundi peke yao. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya malipo ya simu. Benki Kuu ingeweza kuukataa mradi kwa sababu hiyo, na hakuna ambaye angeilaumu. Badala yake iliuchunguza na kutoa barua ya kutopinga mwanzoni mwa 2007. Fedha za wateja zilitakiwa kukaa katika akaunti ya udhamini benki, mbali na fedha za kampuni.

Mabenki hayakufurahi. Mwishoni mwa 2008 Waziri wa Fedha aliagiza huduma hiyo ikaguliwe, na Januari 2009 matokeo yalithibitisha usalama wake. Sheria ya mfumo wa malipo ilikuja mwaka 2011. Hapana budi kukumbuka pia kwamba serikali ilikuwa na hisa kubwa katika Safaricom, jambo linalozusha swali la haki: je, kampuni changa isiyo na mwenyewe serikalini ingesikilizwa kwa uvumilivu ule ule?

Kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam na Johannesburg

Mafanikio ya Kenya yalipita matarajio. Shabaha ya wateja milioni moja katika mwaka wa kwanza ilivukwa, kwa kuwa haja ilikuwapo tayari: mfanyakazi wa mjini aliyekuwa akimkabidhi dereva wa basi bahasha ya kumpelekea mama yake kijijini alipata njia iliyo salama zaidi.

Tanzania ilipoipokea huduma hiyo kupitia Vodacom mwaka 2008, mwendo ulikuwa tofauti. Miezi 14 baada ya uzinduzi, Kenya ilikuwa na watumiaji milioni 2.7, Tanzania, katika muda kama huo, ilikuwa na takriban 280,000. Nchi ni kubwa zaidi, watu wametawanyika, na Vodacom haikulitawala soko kama Safaricom ilivyolitawala la Kenya. Ilibidi namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala ibadilishwe, kwani wakala asiye na noti mkononi au salio katika simu humpoteza mteja siku hiyo hiyo. Marekebisho hayo yalizaa matunda, na huduma ikaenea nchini.

Afrika Kusini ilikuwa habari nyingine. Vodacom ilizindua M-Pesa huko mwaka 2010 kwa matarajio ya wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Ilizinduliwa upya mwaka 2014, na Juni 2016 ikafungwa, watumiaji wake hai wakiwa hawafiki laki moja. Raia wengi wa nchi hiyo walikuwa na akaunti za benki, na maduka makubwa yalikuwa tayari yakipokea na kutuma fedha. Teknolojia ilikuwa ile ile, jina lile lile. Haja ya mteja ndiyo haikuwa ile. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kinachohitajika

Kwa vijana wa Kampala, Kigali au Mombasa wenye mawazo mazuri, na kwa ndugu zao walio ng'ambo wanaochangia mitaji, suala hili si la nadharia. Akiba ya ukoo inapotumika kununua vifaa kabla ya mteja wa kwanza kuulizwa, hasara haimwangukii mbunifu peke yake.

Wafadhili nao wana sehemu yao. Mradi unaopimwa kwa kutimiza yaliyoandikwa katika ombi la fedha humlazimisha msimamizi kuendelea na wazo ambalo wateja wamekwisha kulikataa. Laiti mfuko wa Uingereza ungeshikilia mikopo ya Faulu neno kwa neno, huenda majaribio ya Thika yangebaki ripoti kabatini.

Kabla ya serikali za kanda hii kutangaza mashindano mengine ya ubunifu, zingefanya vyema kuweka utaratibu ulio wazi wa majaribio madogo, kwa mtu yeyote, chini ya uangalizi na kwa muda maalumu. Kenya ilimpa nafasi hiyo mshirika wa kampuni kubwa ya kigeni. Mwananchi mwenye wazo na mtaji mdogo anastahili kupewa nafasi kama hiyo.