Paka huyu ni wa nani?

Maoni ya mhamasishaji wa afya

Leo naomba tuzungumze kuhusu paka. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Siku moja nilinunua dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale ambao wengine mnawaita ndagala. Nilikuwa nimeweka akiba muda mrefu ili watoto wapate kitu cha kulia na ugali. Nikawaanika juu ya kichanja nyuma ya nyumba, nikaenda bombani. Niliporudi nilikuta paka watatu juu ya kichanja, wameshiba, mmoja anajilamba miguu. Nilimwendea jirani yangu kwa sababu mmoja wao hulala kwake kila usiku. Akanijibu, "Pole sana mama, lakini huyo siyo wangu. Amekuja mwenyewe tu." Na wiki iliyotangulia, paka huyo huyo alipokamata panya mkubwa, jirani aliita watu waje waone jinsi "paka wetu" alivyo hodari!

Hapo ndipo lilipo tatizo letu hapa Nyarugusu. Paka akikamata panya ni wa mtu. Akila dagaa wa jirani, ni wa kambi nzima.

Sisemi paka wafukuzwe. Wahenga walisema, akiondoka paka, panya hutawala. Mgao wetu ni mdogo, na panya anatoboa mfuko wa unga usiku mmoja tu. Tena mkojo wa panya unaweza kuleta homa ya mgunda. Mwaka 2022 ugonjwa huo uliua watu 3 huko Lindi, kusini mwa Tanzania. Kwa hiyo paka ni askari wetu. Lakini hata askari ana mkubwa wake anayemjibia. Paka wetu hawana.

Paka asiye na mwenyewe anaingia kila nyumba. Anafunua sufuria, anakunywa kwenye ndoo isiyo na mfuniko, anazalia ndani ya blanketi la mtoto mchanga. Anajisaidia kwenye bustani ya lengalenga na kwenye mchanga wanapochezea watoto. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyoitwa toksoplasma. Mama mjamzito akivipata kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Ndiyo maana kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari inapungua sana.

Lakini kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Wengi wetu tunadhani ni ugonjwa wa mbwa peke yake. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaoupata duniani wameng'atwa na mbwa. Hata hivyo paka naye anaupata, na akikung'ata au kukukwaruza anaweza kukuambukiza. Dalili zikishaanza, kama vile kuogopa maji na kuchanganyikiwa, karibu kila mgonjwa hufa. Dawa ya kumponya haipo. Kinachookoa ni kuwahi chanjo kabla ya dalili.

Nikupe mfano. Mwaka jana nilipita nyumba kwa nyumba kuangalia vyandarua, nikaona mtoto ana kidonda mkononi. Mama yake akaniambia aling'atwa na paka siku nne zilizopita. Alikuwa amempaka mafuta ya mawese na chumvi, kisha akanyamaza, maana hakutaka ugomvi na majirani. Tulikwenda kituo cha afya saa ile ile. Muuguzi akauliza: Paka huyu ni wa nani? Amechanjwa? Yuko hai? Yule mama hakuwa na jibu hata moja. Mtoto alianza chanjo, akamaliza sindano zote, na leo yuko shuleni. Tulishukuru Mungu. Lakini swali la muuguzi halijanitoka kichwani.

Kwa nini aliuliza? Kwa sababu paka au mbwa aliyeng'ata mtu, akijulikana, anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, wataalamu wanajua hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku aliyong'ata, na wanaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Paka asiyejulikana haangaliwi na mtu. Yule mama alilala siku nyingi na hofu ambayo mwenye paka mmoja mkweli angeweza kumwondolea.

Basi ndugu yangu, kama paka anakula kwako na kulala kwako, ni wako. Kubali hivyo mbele ya majirani. Ukishakubali, fanya haya:

1. Mlishe kidogo kila siku, hata makombo ya ugali na vichwa vya dagaa. Paka mwenye njaa ndiye mwizi.

2. Mfunge kitambaa au kamba laini shingoni, isimkabe, ili ajulikane ni wa nani.

3. Mwekee mchanga au majivu pembeni ya nyumba ajisaidie hapo. Zoa kila siku, fukia mbali na bustani, nawa mikono kwa sabuni. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo kama kuna mtu mwingine.

4. Ikitangazwa siku ya chanjo ya mbwa na paka, mpeleke, hata akiwa mdogo. Chanjo hurudiwa kila inapopangwa.

5. Akizaa, tafuta wa kuwachukua watoto mapema. Paka hubeba mimba miezi 2 tu, na anaweza kuzaa mara 2 au 3 kwa mwaka. Kuwatupa kwenye shimo la taka ni kuwapa wengine mzigo wako.

Na wewe ambaye huna paka, funika chakula na maji yako. Ukiwa na hasira, tafadhali usiweke sumu kwenye samaki. Mtoto anaokota kila anachokiona. Pia paka wakifa wote, mwezi unaofuata utalia panya.

Ukikwaruzwa au kung'atwa na mnyama yeyote, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Usipake majivu, pilipili, mafuta wala dawa za miti. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote utakazopangiwa. Mnyama huyo usimuue kama anaweza kufungiwa bila hatari. Na mtoto akikwambia ameng'atwa, usimpige, asije akaficha siku nyingine.

Neno la mwisho ni kwa wanaosafiri. Tangu mwaka 2017 ndugu zetu wengi Warundi wamerudi nyumbani kwa misafara. Tuliwaaga kwa machozi, lakini baadhi yao waliacha paka mlangoni. Nyumba ikabomoka, paka akabaki akizunguka na kuzaa. Siku yako ya kuondoka ikifika, iwe ni kwenda Burundi, Kongo au nchi ya mbali, mkabidhi paka wako kwa jirani kama unavyokabidhi jembe na ndoo. Mwambie jina lake.

Jirani yangu alipikiwa habari hizi zote kwangu jioni moja, juu ya chai. Sasa paka wake ana kitambaa chekundu shingoni. Dagaa wangu bado naanika, ila nimeweka chandarua kikuukuu juu yake. Mtu akiniuliza yule paka ni wa nani, namwonyesha nyumba.