Jua la Nairobi na Mifupa ya Watoto

Mtu apitaye Kawangware mwezi wa Julai, mawingu yanapoutanda mji tangu alfajiri hata adhuhuri, aghalabu huwaona akina mama wamewafunika watoto wao wachanga kwa mablanketi na kofia za sufu hata isionekane ila pua, kisha wakarejea nao katika majumba ya ghorofa ambayo ujia wake huwashwa taa mchana, kwa kuwa jengo la jirani limesimama umbali wa mkono mmoja. Mama hao siwalaumu hata kidogo. Nawalaumu waliojenga na walioidhinisha.

Utumbo wa mtoto umetandikwa ndani tabaka la seli, unene wake seli moja tu, nayo kalsiamu ya maziwa au omena, hasa inapokuwa haba chakulani, hutegemea seli hizo kuivusha hadi damuni. Kazi hiyo yataka hadhari kubwa, kwani kalsiamu iliyo huru ndani ya seli ni pungufu kiasi cha mara 10,000 kuliko ile iliyomo damuni, na ikizidi humo kwa muda, seli hufa. Kwa hiyo kila inapoingia kwa mlango wa upande wa chakula, hupokewa na protini iitwayo kalibindini, mfano wa hamali asiyeruhusiwa kuutua mzigo njiani, ikapelekwa upande wa pili, ambako pampu huisukuma kwa nguvu hadi itoke. Milango hiyo na protini hiyo huongezeka kwa amri ya vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, na ambayo maziwa ya mama huwa nayo kidogo mno.

Basi mtoto aliyenyimwa jua aweza kunyweshwa maziwa asubuhi na jioni, na mifupa yake ikalainika vilevile, akapata matege, katika mji ulio karibu kabisa na Ikweta. Kumwambia mzazi aongeze maziwa, pasipo kumwuliza mtoto huota jua wapi, ni nusu ya tiba.

Naiomba Serikali ya Kaunti isiidhinishe ramani ya jengo lolote la kupangisha, liwe Kangemi au Kilimani, lisilo na ua unaofikiwa na jua. Na wauguzi wa kliniki, siku ya kupima uzani, wamwulize kila mama habari ya jua, na asiye nalo apewe matone ya vitamini D.