Asbesto mjini Sydney: fidia inayokwenda mbio na mauti

Mwezi Novemba mwaka 2007, mahakama ilimfuata mdai kitandani. Bernie Banton, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bidhaa za asbesto cha kampuni ya James Hardie huko Camellia, magharibi mwa Sydney, alitoa ushahidi wake akiwa amelazwa katika hospitali moja ya jiji hilo. Alikuwa akiugua mesothelioma, saratani inayosababishwa na vumbi la asbesto na ambayo huweza kujificha mwilini kwa miongo kadhaa. Pande mbili zilipatana kwa kiasi ambacho hakikutangazwa. Siku chache baadaye, tarehe 27 Novemba, Banton alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 61.

Kilichowashangaza wengi nje ya Australia ni kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya pili kulipwa. Mwaka 2000 alikwisha kupata fidia kwa ajili ya asbestosisi, ugonjwa wa makovu katika mapafu.

Kwa kawaida, sheria zenye asili ya Kiingereza, zikiwemo zile za Afrika Mashariki, hazimruhusu mtu kurudi mahakamani kwa dhara lile lile. Jaji hukadiria mara moja tu: fidia maalumu kwa hasara inayothibitishwa kwa stakabadhi, kama vile gharama za matibabu na mishahara iliyopotea, fidia ya jumla kwa maumivu na kwa maisha yaliyoharibika, na kwa nadra fidia ya adhabu, pale ambapo mdaiwa alipuuza haki za mwenzake kwa makusudi. Baada ya hapo faili hufungwa, hata kama ugonjwa utazidi.

Kanuni hiyo inafaa kwa mguu uliovunjika. Haifai kwa vumbi.

Jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ndiyo makao yake makuu, lilianzisha Mahakama ya Magonjwa ya Vumbi kwa sheria ya mwaka 1989. Sheria inayoiongoza inamruhusu mgonjwa kupokea fidia kwa maradhi aliyo nayo leo, na kubakiza haki ya kurejea iwapo atapatwa na maradhi mabaya zaidi kesho. Tena, ushahidi wa jumla uliokwisha kusikilizwa katika kesi moja, kwa mfano kuhusu lini kampuni ilijua hatari ya asbesto, unaweza kutumika katika kesi nyingine. Mjane hahitaji kuthibitisha upya historia nzima ya kiwanda.

Lakini pengine badiliko zito kuliko yote ni lile la mwaka 1998. Kabla ya hapo, fidia ya maumivu ilikufa pamoja na mdai. Mdaiwa aliyechelewesha kesi alipata nafuu, kwa kuwa mgonjwa akishazikwa, sehemu kubwa ya deni nayo ilizikwa. Badiliko hilo liliagiza kwamba, ikiwa kesi ilifunguliwa mgonjwa akiwa hai, haki hiyo inapita kwa warithi wake. Kwa maneno mengine, sheria ilimwondolea mdaiwa faida ya kusubiri kifo.

Mfuko mtupu

Hata hivyo, hukumu haina thamani pale ambapo hakuna wa kulipa. Mwezi Februari mwaka 2001, James Hardie ilizitenga kampuni zake tanzu zilizobeba madeni ya asbesto na kuziweka chini ya wakfu uliopewa takriban dola milioni 293 za Australia. Soko la hisa liliarifiwa kwamba fedha hizo zilitosha. Mwaka huo huo kampuni mama ilihamishia makao yake Uholanzi. Kufikia mwaka 2004, makadirio ya madai yalikuwa yamevuka dola bilioni 1.5.

Ikumbukwe kwamba wadai hawakuwa wamenyimwa haki yoyote kwenye karatasi. Walikuwa na mahakama yao na sheria yao. Kilichotoweka ni mdaiwa.

Mahakama haikuwa ndiyo iliyoziba pengo hilo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili David Jackson, vyama vya wafanyakazi, serikali ya jimbo na wagonjwa wenyewe, Banton akiwa mstari wa mbele na mtungi wake wa oksijeni, ndio walioirudisha kampuni mezani. Mkataba ulioidhinishwa na wanahisa mwaka 2007 unaitaka kampuni kuchangia mfuko wa fidia kila mwaka hadi asilimia 35 ya fedha zinazotokana na shughuli zake. Nao una udhaifu wake: soko kuu la kampuni hiyo ni Marekani, na ujenzi wa nyumba ulipoporomoka huko, mfuko wa Sydney ulilazimika kutegemea mkopo wa serikali. Wakurugenzi walioidhinisha tangazo la mwaka 2001 waliandamwa na sheria hadi mwaka 2012, mahakama ya juu kabisa ya Australia ilipothibitisha kwamba walikiuka wajibu wao.

Mombasa na risasi

Kwa wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa maskini mjini Mombasa, habari hizi si ngeni. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia sumu ya madini ya risasi katika udongo na katika damu ya watoto. Kesi yao ilifunguliwa mwaka 2016. Mwezi Julai mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa shilingi bilioni 1.3 za Kenya, zilipwe katika muda wa siku 90. Mahakama ya Rufaa ikakitengua kiasi hicho mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikakirejesha mwezi Desemba mwaka 2024.

Wajibu wa kulipa uligawanywa kati ya kampuni na taasisi za serikali. Hapo ndipo ugumu unapoanza upya. Sheria ya Kenya hairuhusu mali ya serikali kukamatwa na kupigwa mnada ili kulipa deni la hukumu. Mshindi hupewa hati ya deni, na asipolipwa hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe.

Kuanzia ugonjwa wa Banton ulipotambuliwa mwezi Agosti mwaka 2007 hadi mapatano ya Novemba, ilipita takriban miezi mitatu. Wakazi wa Owino Uhuru walihitaji karibu miaka tisa kufikia hukumu ya mwisho, na waliofariki njiani hawakuisikia ikisomwa.